Sigara Isiyo na Moto

Mume wangu Habarurema hakuwahi kuwasha sigara akiwa amesimama. Nilikaa naye miaka thelathini na moja na sikuliona jambo hilo hata mara moja. Alichuchumaa kwanza, hata kama ni katikati ya barabara na watu wanapita, akaushusha mkono wenye briquet, kiberiti chake cha gesi, mpaka karibu na vidole vya miguu, akawasha hapo chini, akangoja kidogo, ndipo akaupandisha ule moto taratibu hadi mdomoni. Siku alipokuja kwetu Butembo kujionyesha kwa wazee, alifanya vile vile mbele ya baba yangu. Shangazi yangu Kahambu akaninong'oneza kama nina hakika mtu huyu ana akili timamu. Nikamwambia sina hakika.

Tulipokwisha kuoana na kukaa Majengo, mtaa mmoja wa Goma, nikamuuliza. Alinieleza bila mzaha wowote. Yeye ni mtu wa vilima vya juu ya Sake, karibu na Goma, alikua akichunga ng'ombe wa baba yake, na upande ule kuna mazuku. Watu wa Goma wanayajua: ni hewa mbaya inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, nzito, inalala kwenye mabonde na mashimo asubuhi wakati hakuna upepo. Mbuzi anashuka kula majani, harudi. Mtu anashuka kumtafuta mbuzi, naye harudi.

"Baba alinifunza," aliniambia. "Mbele ya kuingia fasi ya chini, washa moto ku miguu. Kama moto inawaka, hewa iko muzuri. Kama inazimika, usiulize kitu. Panda juu mbio."

"Na hapa Majengo kuko mazuku?"

"Hapana."

"Sasa juu ya nini unachuchumaa?"

"Mukono imezoea, Mwalimu."

Aliniita Mwalimu kwa sababu nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule moja ya Majengo, na kwa sababu, alisema, nilimsahihisha hata akiwa usingizini. Ni kweli nina mdomo. Wazazi wangu waliniita Masika kwa kuwa nilikuwa binti wa pili, na baba alizoea kusema kwamba wa kwanza alichukua upole wote akaniachia maneno. Nilimtania Habarurema kwa kuchuchumaa kwake hadi mtoto wetu Uwitonze, akiwa na miaka mitano, akawa anachuchumaa na kijiti cha ufagio mdomoni ili wageni wacheke. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wageni.

Kazi yake ilikuwa kuvunja mawe. Goma yote imekaa juu ya mawe ya volkano, na mtu mwenye nyundo na mgongo hakosi kazi: anapasua mawe makubwa ya kujengea, na yanayobaki anayaponda kuwa kokoto. Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ya Buhene, tulikohamia baadaye, aliujenga kwa mawe aliyoyapasua mwenyewe, jiwe kwa jiwe, Jumapili baada ya misa. Mwaka 2021, mwezi wa tano, Jumamosi jioni, volkano ya Nyiragongo ikafunguka na ule moto ukashuka hadi kwetu. Tulitoka na sufuria moja, diploma yangu, na briquet yake nyekundu iliyokuwa mfukoni.

Siku tulipoweza kurudi kuangalia, hatukupata hata mahali pa kusema hapa palikuwa na mlango. Lilikuwa jiwe jeusi tu, bado linafuka moshi. Habarurema akachuchumaa na kuwasha briquet chini ya miguu yake.

"Nyumba nzima imewaka!" nikampigia kelele. "Na wewe bado unapima kama moto inawaka?"

Majirani waliokuwa wanalia wakacheka. Nami nikacheka, halafu nikalia mpaka nikatapika.

Tukahamia shamba la marehemu baba yake, juu ya Sake. Maharagwe, viazi, mbuzi wanne, amani ya kubahatisha. Uwitonze alikuwa amekwisha kwenda Kampala kushona nguo katika karakana ya rafiki yake. Februari 2024 mabomu yakaanza kutua kwenye mashamba, na asubuhi moja kilima kizima kikashuka barabarani na magodoro kichwani. Tulitembea hadi kambi moja ya upande wa Lac Vert, magharibi mwa mji. Tukapewa turubai jeupe, tukalitandaza juu ya miti iliyopinda, chini mawe makali. Nilikuwa na miaka hamsini na nne. Sikuwa na darasa, sikuwa na nyumba, sikuwa na shamba. Nilikuwa na mume, na mume alikuwa anakohoa.

Si kukohoa kwa mafua. Alikohoa hadi anashika mti wa hema, macho yamemtoka, na mimi nashika mti wa upande wa pili ili turubai lisituangukie. Nikamkokota hadi hema la afya. Daktari Aubin, kijana mwenye miwani na sauti ya chini, alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu, akamwomba atoke nje, akaniambia mimi.

"Mama, nisikudanganye. Mapafu ya papa imechoka sana. Akiendelea na sigara, hamalizi mwaka."

Tangu siku ile sikuwa na ombi lingine kwa Mungu. Vita waimalize wao walioianza, volkano ifanye itakalo. Mimi nilitaka mtu huyu aishi.

Nilificha sigara zake, akanunua nyingine moja moja. Nikazilowesha maji, akazianika juani. Nilimpigia magoti, mimi ambaye sikumpigia mwanamume magoti hata siku ya harusi yangu, akanishika mabega akaniinua, akaniahidi, na baada ya saa moja nikauona moshi wake nyuma ya vyoo. Nilimchukia siku hiyo. Ninalisema kwa sababu ni kweli: nilimchukia kwa jinsi nilivyomwogopea.

Tena kulikuwa na shimo. Umbali wa hatua mia mbili hivi kutoka kwenye hema letu palikuwa na shimo la kuchimba mawe, refu kwa kina kuliko watu wawili, na wanaume wa kambi walikuwa wakishuka humo kuponda kokoto za kuuza mjini. Kibao chenye picha ya fuvu kiliwahi kusimama pale, watu walisema, lakini kambi ina njaa ya kuni na kibao ni mbao. Wiki ya kwanza Habarurema alifika ukingoni, akateremka hatua chache, akachuchumaa na briquet yake, na moto ukazimika. Akawasha tena, ukazimika. Akapanda juu akawaambia wenzake leo hapana, wangoje jua. Walinung'unika, lakini jioni wakaokota ndege wanne waliokufa chini kule.

Kuanzia hapo hakuna aliyeshuka kabla yake. Ilikuwa desturi yao: wanaume saba wamesimama ukingoni na nyundo begani, wanangoja mzee avute sigara yake ya kwanza. Akiwasha moto chini na ukakubali, wanashuka. Cirimwami, mtu wa Bukavu aliyekuwa rafiki yake wa karibu pale, alikuwa na haki ya kipande cha mwisho. "Muzee, unisigazie," alisema kila asubuhi, na Habarurema alimwachia nusu kamili bila kupima.

Mimi niliona sigara tu. Nilihesabu kikohozi.

Uwitonze nilimweleza kwa simu, na mtoto yule hajui kukaa na tatizo mikononi. Baada ya mwezi akatuma kifurushi. Kilipita mpaka wa Bunagana ndani ya bunda la vitenge vya Kanyere, jirani yetu wa zamani, mfanyabiashara ambaye hata waasi walipouchukua mpaka ule aliendelea kupita kwa ujanja wake. Alitusimulia kwamba kwenye kizuizi kijana mwenye bunduki alikifungua kifurushi, akakigeuza kile kitu, akakivuta, akakohoa, akauliza kama ni dawa ya meno.

Ilikuwa sigara ya umeme. Kijiti cha chuma, kizito kidogo, rangi ya kijivu. Ukibonyeza kitufe, taa ndogo ya bluu inawaka, unavuta, unatoa wingu lenye harufu ya fraise, kama pipi za watoto. Pamoja nacho vichupa sita vya maji yake.

"Hii ni sigara ao ni bonbon?" Habarurema akauliza.

"Ni maisha yako," nikamwambia. "Vuta."

Alivuta. Kwa sababu yangu alivuta, na sitasema alifurahi. Wiki zile alikuwa mtu aliyepotelewa na kitu asichojua jina lake. Alikigonga kile kijiti kwenye ukucha kama alivyokuwa akigonga sigara, bila sababu. Alikikung'uta majivu yasiyokuwepo. Alikiweka nyuma ya sikio, kikaanguka kwenye uji. Kibaya zaidi ni kwamba hakikuwa na mwisho. "Sigara inakuambia imetosha," alilalamika. "Hii haisemi kitu." Alisimama mbele ya hema anavuta, anatazama, anavuta, hajui aache lini akaendelee na kazi yake. Na Cirimwami asubuhi ya kwanza alisema unisigazie kwa mazoea, wote wawili wakakitazama kile chuma, na Cirimwami akasema basi, haidhuru. Hakurudia tena kuomba.

Kukichaji alikipeleka kwa vijana wa sola, kikalala katikati ya simu za watu. Walimwita Muzee Fraise. Akavumilia.

Kikohozi kikapungua. Mwezi wa nane nilikisikia mara mbili kwa siku, mwezi wa tisa kuna siku sikukisikia kabisa. Alibeba gunia la kokoto mwenyewe kutoka shimoni. Alilala usiku mzima, nami nililala kando yake nikisikiliza pumzi inaingia na kutoka, na nilikuwa na furaha kubwa kiasi cha kuiogopa. Daktari Aubin alimsikiliza mgongo, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mama, umeshinda," akaniambia.

Nilirudi hemani nimeshinda. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake, nikatoa briquet nyekundu.

"Hii haina kazi tena kwako," nikasema. "Mimi niko na makaa ya kuwasha."

Aliitazama mkononi mwangu. Halafu akasema, "Haya, Mwalimu. Chukua." Nikaitia kwenye kikapu changu pamoja na chumvi na vijiko, na kila asubuhi niliwashia mbabula, jiko langu la makaa la kupikia uji.

Sasa nifike pale ninapokwepa.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi nilimpelekea viazi alivyosahau. Wanaume walikuwa ukingoni, wamesimama kama kawaida yao, wanangoja. Habarurema alishuka hatua zake chache. Akachuchumaa. Akaushusha mkono hadi karibu na vidole vya miguu, na mkononi mlikuwa na kile kijiti cha chuma. Akabonyeza kitufe. Taa ya bluu ikawaka. Akangoja kidogo, akaipandisha taratibu hadi mdomoni, akavuta, akatoa wingu lake la fraise.

"Iko sawa," akasema. Wakashuka wote.

Niliona. Nilikuwa nimesimama pale na bakuli mkononi. Mimi mwenye diploma, niliyewafundisha watoto wa darasa la tatu kwamba mshumaa ukifunikwa na glasi unazimika kwa kukosa hewa, niliona, na unajua nilifanya nini? Nilicheka.

"Papa Uwitonze!" nikamwita. "Ile haina moto! Unapima nini nayo?"

Akainua kichwa, akanionyesha meno yake yote.

"Mukono imezoea!"

Wenzake wakacheka. Nikaweka viazi juu ya jiwe, nikarudi kufua.

Nimejiuliza mara nyingi kuliko siku nilizoishi kama alijua. Nadhani mkono wake ulijua jambo moja tu: chini, washa, ngoja, pandisha. Miaka hamsini mkono ulifanya hivyo na ulipata jibu. Sasa kila asubuhi ulipata jibu lile lile, taa imewaka, na haukuwa na sababu ya kuuliza kwa nini haizimiki kamwe. Wenzake nao waliona kile walichozoea kuona. Na kwa wiki kadhaa asubuhi ziliamka na upepo, hewa ilikuwa nzuri, kwa hiyo taa ile ilionekana inasema kweli.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya kugawa jetoni, vikaratasi vya kupewa chakula, wanaume wote walikwenda kupanga mstari. Yeye alisema mstari ni wa wanawake wenye mdomo, niende mimi baadaye, yeye amalize gunia lake. Mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri, na asubuhi hapakuwa na upepo hata wa kutikisa turubai. Alikunywa chai. Hakukohoa. Alikigonga kile kijiti kwenye ukucha, akaniambia uji wa mtama leo usiuchome, akaondoka na nyundo.

Nilichuchumaa mbele ya mbabula nikawasha makaa kwa briquet yake. Ilikubali mara ya kwanza.

Aliyeniita ni Cirimwami. Alikuwa ameuacha mstari kufuata koti lake, akapita ukingoni, akamwona Habarurema amekaa chini kule, mgongo kwenye jiwe, kidevu kifuani, kama mtu anayepumzika. Akamwita. Akashuka, magoti yakamlegea, kichwa kikazunguka, akapanda kwa kutambaa. Alipofika kwangu alilinyooshea shimo kidole. Alisema, "Mama Uwitonze, taa. Taa."

Nilikimbia na briquet mkononi, sijui kwa nini sikuiacha. Wanawake wawili walinishika kiunoni nisishuke. Nilimwona vizuri kabisa. Hakuwa mbali. Ningeweza kumrushia jiwe dogo likamgusa. Nilimwita kwa jina lake, ambalo sikulitumia tangu Uwitonze azaliwe. Nikapiga magoti, nikaunyoosha mkono chini ya ukingo kadiri ulivyofika, nikawasha. Moto ukazimika. Nikawasha tena, ukazimika. Niliendelea kuwasha mpaka kidole gumba kikatoka damu, na Cirimwami akanishika mkono akauondoa pale.

Walimtoa jua lilipopanda na upepo ukaja, kwa kamba, wanaume wanne waliofunga vitambaa mdomoni. Kile kijiti kilikuwa bado kwenye ngumi yake. Nilivifungua vidole vyake kimoja kimoja. Nikabonyeza kitufe, na taa ya bluu ikawaka vizuri sana.

Cirimwami alikaa matanga yote mlangoni kwetu. "Mimi nilikuwa naona ile taa kila siku," alirudia. "Kila siku nilishuka nyuma yake." Nilitaka kumwambia kosa si lake. Sikuweza, kwa sababu ningelazimika kusema ni la nani.

Januari waasi wakauchukua mji. Siku chache baadaye kambi zikaambiwa zivunjwe, watu warudi walikotoka, kana kwamba mtu anajua alikotoka ni wapi. Nililikunja turubai langu, nikapita kwenye kaburi nikaweka jiwe jingine juu ya yale aliyokuwa nayo, nikaja Majengo kwa mpwa wangu Henriette. Nina kona yangu sebuleni. Kila alfajiri, kabla mtu hajatia mguu chini, nachuchumaa kando ya godoro la watoto wake, nashusha briquet hadi sakafuni, nawasha, nangoja. Henriette aliniuliza Majengo kuna mazuku gani. Nikamwambia hakuna.

Uwitonze hakuweza kuja kuzika, barabara zilikuwa zimefungwa. Nilimwambia ni mapafu. Aliniuliza mara moja tu, nikajibu mara moja tu, na Cirimwami nilimwapisha asiseme.

Jana Uwitonze alipiga simu. Alikuwa analia polepole, jinsi anavyolia sasa, bila kelele.

"Mama, angalau ile nilituma ilimusaidia kidogo, eh? Kama ningeituma mapema, pengine angekuwa angali nasi."

Kile kijiti kiko kwenye kikapu, chini ya chumvi. Umeme wake ulikwisha zamani.

"Ndiyo, mutoto yangu," nikamwambia. "Pengine."